Jenereta ya gari la kulala: ishushwe au ijaribiwe pale pale?

Barua za jenereta zimekuja nyingi, za Unguja na za Pemba. Tumeanza na ile yenye mambo mengi zaidi, nyengine tumezijibu kwa kadiri ya haja yake.

Swali, kutoka Jambiani: Assalaam alaykum mafundi. Tumenunua gari la kulala la Kimarekani kwa wageni waliokuwa wakitembea nalo Afrika. Sasa limeegeshwa kiwanjani kwetu na tunataka kulikodisha kwa watalii. Chini ya bodi yake imo jenereta ya petroli ya Onan, wati 4000. Ukibonyeza swichi inazunguka, inawaka sekunde chache, inazima. Siku nyengine inawaka lakini mlio unapanda na kushuka, haitulii. Fundi wa hapa anasema hakuna njia ila ishushwe ipelekwe mjini. Tumruhusu? Na ikiwa lazima ishuke, inashushwaje bila kuharibu kitu?

Jibu: Wa alaykum salaam. Mwambieni fundi aweke spana chini kwanza. Jenereta za ndani ya gari hushushwa mara nyingi kwa kosa ambalo halimo ndani yake: mpira wa mafuta uliopasuka, betri dhaifu, au waya wa ardhi ulioliwa na chumvi. Ikishushwa, ikapelekwa mjini, ikawashwa juu ya meza kwa dumu jipya na betri nzima, inawaka vizuri. Mnalipa, inarudi, inafungwa, inazima tena.

Anzeni na tangi. Gari nyingi za namna hii jenereta inavuta petroli kutoka tangi lile lile la gari, lakini bomba lake la kunyonyea limekatwa fupi kwa makusudi. Tangi likifika karibu robo, jenereta inakosa mafuta na gari bado linatembea. Wenyewe walifanya hivyo ili mtu asitie kiyoyozi usiku kucha akaamka hana petroli ya kurudia mjini. Kwa hiyo mshale ukiwa kwenye robo au chini yake, tieni petroli kabla ya kumlaumu mtu.

Pili, isomeni taa. Onan nyingi za umri huu zikijizima, taa ya kwenye swichi hupepesa. Ikipepesa mara nne, mota ya kuwashia imezungusha mpaka muda wake umekwisha na injini haikushika. Ikipepesa mara tatu, kuna namba ya pili nyuma yake: bonyezeni upande wa kuzimia mara tatu haraka haraka, kisha hesabuni. Mipepeso mitatu, kimya kidogo, kisha sita, hiyo ni 36: injini imesimama wenyewe bila kuamriwa, na mara nyingi ni mafuta. Mbili kisha saba ni 27: bodi ya kuongozea haiuoni umeme unaotoka. Namba hizi mbili zinakwenda njia mbali mbali kabisa, ndiyo maana hatutaki mtu aanze kufungua kabla hajahesabu. Orodha kamili imo kwenye kitabu cha modeli yenu. Namba ya modeli imeandikwa kwenye kibati kilichobandikwa mwilini mwa jenereta.

Ikiwa ni 36, au mlio unapanda na kushuka, fanyeni jaribio la dumu. Pampu ya petroli iko kwenye jenereta yenyewe, kwa hiyo mpira wote kutoka tangini mpaka hapo unanyonya, hausukumwi. Mpira wa kunyonya ukipasuka hautoi petroli nje bali unaingiza hewa ndani. Mtu anapita mkono, anaona pakavu, anasema mpira mzima. Na mpira uliokaa miaka kumi chini ya gari kwenye joto na upepo wa bahari hupasuka nyufa ndogo ndogo hasa pale unapopinda na chini ya klipu.

Chomoeni mpira wa tangi kwenye mdomo wa jenereta, uzibeni kwa bolti laini na klipu usije ukatiririka. Vesheni mpira mpya wa petroli, futi tatu hivi, wenye kipenyo cha ndani sawa na ule wa zamani. Mwisho wake tieni ndani ya dumu dogo lenye petroli safi lililowekwa ardhini, mbali na bomba la moshi. Shikilieni upande wa kuzimia wa swichi: kwenye modeli nyingi pampu italia na kujaza mpira. Kisha washeni. Ikitulia na kubeba mzigo, kosa liko kati ya tangi na jenereta, hakuna cha kushusha. Badilisheni mpira wote, si kipande, na klipu zake, na filta ya petroli.

Ikiwa hata kwa dumu inapanda na kushuka, ni kabureta. Petroli iliyolala humo miezi mingi imekauka ikaacha gundi kwenye vitundu vya jeti. Petroli iliyochoka mtaijua kwa harufu: inanuka kama rangi ya mbao, si kama petroli ya kituoni. Petroli ya kununua kwa chupa njiani nayo itieni kwanza kwenye gilasi nyeupe, isubirini robo saa. Maji yatakaa chini na mtayaona kwa mstari. Kabureta ioshwe kwa dawa yake ya kupulizia, kila tundu, kisha ipulizwe upepo. Msichokonoe jeti kwa waya wa chuma. Tundu likipanuka hata kidogo injini itakula petroli nyingi, itatoa moshi mweusi, na hamtakuwa na njia ya kulirudisha.

Ikiwa ni 27, au injini inakwenda vizuri wakati kidole kiko kwenye swichi na inazima ukiachia tu, yaacheni mafuta. Bodi inasubiri kuona umeme ukizalishwa. Isipouona inaamini kuna hatari, inakata. Hapo watuhumiwa wa kwanza ni brashi za kaboni na pete za shaba ambazo brashi hizo huzigusa. Jenereta iliyolala miezi pembeni ya bahari, pete zake hushika utando wa kijani na weusi, brashi inagusa utando badala ya shaba. Pete zisafishwe kwa msasa laini sana, namba 400 au juu yake, injini ikiwa imezimwa na betri imetolewa, kisha vumbi lipulizwe lote. Baadhi ya modeli unafikia brashi kwa kufungua kifuniko cha mwisho tu. Nyengine hupati nafasi ya mkono mpaka ishuke.

Kabla ya hapo, betri. Ikiwa imepumzika ipimwe: volti 12.6 ni nzima. Wakati mota inazungusha isishuke chini ya 10. Kisha wekeni mita: waya mmoja kwenye ncha hasi ya betri, mwengine kwenye mwili mtupu wa jenereta, mtu azungushe. Mita ikionesha zaidi ya nusu volti, waya wa ardhi umeoza au bolti yake imeshika kutu. Gari lililoegeshwa pwani ya mashariki, hili ni jambo la kutazamiwa. Fungueni bolti, sugueni mpaka chuma king'are, pakeni grisi ya boti, fungeni.

Sasa ikiwa lazima ishuke. Brashi hazifikiki, rota (sehemu ya umeme inayozunguka) imekatika, oili inavuja kwenye sili ya nyuma, au mipira ya kukalia imekatika na jenereta inagonga fremu: hizo ni sababu za kweli.

Gari likae pahali pagumu. Mchanga wa Jambiani hauaminiki chini ya jeki, kwa hiyo tandikeni mbao nene, kila moja ipate upana wa kutosha. Gari lisimame juu ya stendi za chuma. Tofali la saruji halifai, linapasuka ghafla bila onyo. Mtungi wa gesi ya kupikia ufungwe. Jiko la mkaa la jirani lizimwe. Kizima moto cha poda kiwe karibu, si ndani ya gari.

Umeme ukatwe pande zote: chomoeni waya wa umeme wa nje, zimeni inveta, katisheni sola kama lina sola juu, kisha toeni ncha hasi ya betri, halafu chanya. Mtu akianza na chanya, spana ikigusa fremu itachoma.

Pigeni picha kila kiunganisho kabla ya kukigusa. Tena fungeni utepe wenye alama kwenye kila waya, maana picha haioneshi waya upi ni upi ukishaondoka pahala pake. Na hapa kuna mtego ambao unahitaji kuandikwa kwa wino mzito. Kwenye gari la Kimarekani, waya mweusi ndio wenye moto, mweupe ni nyutro (waya wa kurudishia umeme), kijani ni ardhi. Fundi wetu aliyejifunza kwa rangi za zamani za Kiingereza anajua nyekundu ina moto na *nyeusi ni nyutro*. Akifunga kwa mazoea yake, swichi na breka zote za umeme ndani ya gari zitakuwa zinakata nyutro, moto unabaki ndani ya vyombo hata vikizimwa. Kila kitu kitaonekana kinafanya kazi, mpaka siku mtu atakapoingiza mkono.

Spana nazo ni suala. Bolti nyingi za gari hilo ni za inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana 13 inaingia na kulegea, na kwenye bolti yenye kutu itazila pembe zake mpaka ziwe mviringo. Ya 9/16 ni milimita 14.3: 14 haiingii, 15 inateleza. Azimeni au nunueni boksi la spana za inchi. Bolti moja iliyozunguka pembe chini ya gari inakula mchana mzima.

Bomba la moshi lifunguliwe mapema, na bolti zake zimwagiwe mafuta ya kulainisha kutu tangu usiku wa jana yake. Msitumie moto wa gesi kuzilegeza, petroli iko kiganja kimoja kutoka hapo. Bolti ikigoma kabisa, ikateni kwa msumeno wa mkono, mtaweka mpya.

Uzito: jenereta za namna hii huanzia kilo 60 hivi, na zile kubwa zaidi za wati 5500 zinapita kilo 120. Hakuna wa kuipokea mikononi. Chukueni jeki ya magurudumu, juu yake bao la plaiwudi lenye upana wa kitako cha jenereta, inueni mpaka jeki ichukue uzito, ndipo bolti za kuning'inizia zifunguliwe, zile za mbali kwanza. Fungeni mkanda kati ya jenereta na jeki, kwani uzito wake haupo katikati: upande wa injini na upande wa umeme haulingani, na itataka kupinduka. Pimeni pia mapema: urefu wa jenereta, jumlisha jeki iliyoshushwa mpaka chini, jumlisha bao. Gari lisipoinuliwa kimo hicho, jenereta itashuka kwenye jeki na haitatoka uvunguni.

Ikiwa nje, fanyeni kila kazi inayohitaji ishuke, isije ikahitaji kushuka tena: brashi, mipira ya kukalia, mpira wa petroli, oili na plagi. Upande wa umeme, pimeni rota kwa mita kwenye pete mbili. Ikisoma haina mwisho, yaani umeme haupiti kabisa, waya umekatika ndani. Kisha pimeni kutoka pete kwenda kwenye shafti. Hapo panatakiwa pasomeke haina mwisho, ikionesha namba yoyote, rota imegusa mwili na haifai mpaka isukwe upya.

Ijaribuni chini kabla ya kuirudisha. Robo saa bila mzigo, kisha nusu mzigo. Inatakiwa itoe volti 120 hivi na hezi 60 (umeme ugeuke mara 60 kwa sekunde), bila mzigo hezi ipande kidogo tu. Watu huuliza mzigo wa volti 120 wataupata wapi huku kwetu. Birika la umeme la kawaida, lile la kubonyeza tu lisilo na kioo cha namba, linatosha. Ila likiandikwa wati 2000 kwa volti 230, kwenye volti 120 litakula kama wati 540 tu, kwani nguvu inashuka kwa mraba wa volti. Mabirika manne yaliyojaa maji ndiyo yatakayofika zaidi kidogo ya nusu ya wati 4000. Yagawanyeni kwenye soketi mbili.

Na vifaa vyenu vya kwetu msivichomeke humo kwa kazi ya kila siku, wala gari msilichomeke moja kwa moja kwenye umeme wa nyumbani. Umeme wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, ni volti 230 na hezi 50. Transfoma ya kushusha itatengeneza volti, lakini hezi haibadiliki. Kiyoyozi cha hezi 60 kikiendeshwa kwa 50 kinazunguka polepole kwa moja ya sita na kinapata joto. Kuna wanaopunguza mwendo wa injini kutoka mizunguko 3600 kwa dakika hadi 3000 wapate hezi 50. Kwenye jenereta hii volti nayo itashuka, na bodi itaona kosa na kuzima. Msiguse gavana, kile kidhibiti cha mwendo wa injini.

La mwisho la gari hili ni moshi, na ndilo la kuogopwa. Hewa ya kaboni monoksidi iliyomo ndani yake ni sumu ya kuua, na haina harufu wala rangi. Mkisharudisha jenereta, pakeni maji ya sabuni kwenye kila kiungo cha bomba la moshi, washeni, tazameni povu. Mwisho wa bomba utoke nje ya ukingo wa bodi ya gari, usiishie uvunguni. Matundu ya sakafu ambamo nyaya zinapita yazibwe. Na kwa sababu mtalaza wageni ndani, kengele ya kaboni monoksidi inayofanya kazi ni lazima, si pambo. Zina mwaka wa mwisho wa kutumika nyuma yake, someni. Upepo wa kusi ukipiga upande wa bomba, moshi unarudi chini ya gari, kwa hiyo mwelekeo wa kuegesha nao ni sehemu ya ufundi.

Swali, kutoka Nungwi: Jamaa yangu ana jenereta iliyotolewa kwenye gari la kulala, nzima, haina kazi. Naweza kuifunga ndani ya boti yangu ya kupelekea wageni kuzamia? Naona zile za boti bei yake haishikiki.

Jibu: Hapana, na hatulegezi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Ndani ya boti unashuka chini ya sakafu na unakaa, hauna pa kutokea kama ulivyo uvungu wa gari ulio wazi. Jenereta ya gari ina mota ya kuwashia, brashi na rilei ambazo hutoa cheche wazi. Za boti zimetengenezwa cheche zisitoke nje ya kifuniko chake. Tena ya gari inapozwa kwa upepo na bomba lake la moshi linawaka moto kavu karibu na mbao na faiba, wakati ya boti moshi wake unapozwa kwa maji ya bahari. Hata ukiiweka juu ya sitaha, maji ya chumvi yataimaliza kwa msimu mmoja. Iuze kwa mwenye gari.

Swali, kutoka Wete: Tuna jenereta ndogo ya petroli, 2.5 kVA, tuliyonunua kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kufika Pemba 2010. Ilikaa ghalani muda mrefu. Tumebadilisha oili na plagi, injini inakwenda safi kabisa, lakini umeme hautoi hata wa taa. Tunaihitaji kwa friza ya samaki umeme ukikatika.

Jibu: Injini nzima na umeme hakuna, baada ya kulala muda mrefu: mara nyingi sumaku ya rota imepotea. Jenereta ya namna hii huanzia na usumaku mdogo uliobaki kwenye chuma cha rota. Ukiisha, hakuna cha kuanzia.

Kwanza hakikisheni breka ya umeme iliyo mbele ya jenereta imewashwa. Tunacheka, lakini wapo wanaopeleka jenereta kwa fundi kwa breka iliyoshuka. Kisha injini ikizunguka, pimeni soketi kwa mita. Mkipata volti chache, tuseme kati ya 2 na 10, usumaku upo, na kosa liko kwenye brashi au kwenye kidhibiti volti, kile mafundi wanachokiita ei-vi-aa. Mkipata sifuri kabisa, ama usumaku umekwisha ama waya umekatika.

Zimeni. Fungueni kifuniko cha nyuma. Brashi zikiwa zimebaki chini ya milimita 5, badilisheni. Safisheni pete kama tulivyowaeleza wa Jambiani. Pimeni rota kwenye pete: mnatarajia makumi ya omu, si sifuri wala haina mwisho.

Ikiwa rota nzima, irudishieni sumaku. Chomoeni plagi ya ei-vi-aa inayokwenda kwenye brashi, hili msilisahau, betri ikiingia ndani ya ei-vi-aa itaiunguza. Tafuteni alama ya kujumlisha kwenye kishikio cha brashi. Washeni injini bila mzigo wowote, kisha gusisheni volti 12 za betri, chanya kwa chanya, sekunde mbili au tatu tu, huku mwengine anatazama mita ya kwenye soketi. Volti ikipanda mpaka makumi au zaidi, rota na stata (koili zisizozunguka) zote nzima. Ondoeni betri, zimeni, rudisheni plagi, washeni. Mara nyingi inakubali hapo hapo. Ikikataa tena, ei-vi-aa imekufa. Mpya inapatikana kwenye maduka ya spea Darajani, Unguja, au Gerezani, Dar es Salaam, lakini chukueni ya zamani mkononi mkalinganishe idadi ya nyaya na umbo la plagi, zinafanana kwa sura na kutofautiana kwa kazi.

Injini yenu ikiwa ya aina ya Honda GX160 au nakala yake: oili lita 0.6, nafasi ya plagi milimita 0.7 hadi 0.8, vali za kuingizia 0.15 na za kutolea 0.20, injini ikiwa baridi. Na ikikataa kuwaka siku moja bila sababu, tazameni imesimama wapi. Swichi ya oili inakata cheche oili ikiwa chini, na kwenye ardhi ya mteremko inadanganyika.

Kuhusu friza: ile inayokula wati 150 ikishaanza, wakati wa kuanza inaweza kuvuta mara tano au sita ya hapo. Washeni jenereta kwanza, iache itulie dakika mbili, friza ndiyo iingie peke yake, taa na feni baadae. Na kabla ya kuzima, toeni mzigo kwanza. Kuzima jenereta ikiwa imebeba mzigo ni njia mojawapo ya kupoteza ule usumaku tuliohangaika kuurudisha.

Swali, kutoka Bububu: Umeme ukikatika natumia waya wenye plagi ya dume pande zote mbili, napeleka umeme wa jenereta nyumba nzima kupitia soketi ya jikoni. Nazima meni swichi kwanza. Kuna ubaya?

Jibu: Upo. Siku utakayosahau meni swichi, au mtoto akaiwasha, umeme wako wa 230 unarudi kwenye transfoma ya mtaa na unatoka upande wa pili ukiwa volti 11,000 au zaidi, kwenye laini ambayo fundi wa ZECO ameipanda akiamini haina moto. Na plagi ya dume ikichomoka ukutani, pini zake zina moto wazi mkononi mwako. Ulipokatika umeme wa kisiwa kizima cha Unguja mwishoni mwa 2009 mpaka Machi 2010, nyaya hizi zilitengenezwa mitaani kwa wingi, na baadhi bado zipo makabatini. Ikate vipande uitupe. Weka swichi ya chenji ova, ile ambayo lazima iachie umeme wa laini kabla ya kushika wa jenereta, ifungwe na fundi mwenye leseni baada ya mita.

Swali, kutoka Makunduchi: Nikiiweka jenereta mpaka masika ipite, niifanyeje isiharibike?

Jibu: Njia nzuri ni kutoiacha ilale kabisa. Mara moja kwa mwezi iwasheni kwa muda wa saa mbili ikiwa imebeba nusu ya mzigo wake, si dakika tano bila mzigo. Dakika tano hazikaushi unyevu wa ndani ya koili. Ikiwa lazima ilale, fungeni bomba la petroli iachwe izime wenyewe mpaka kabureta ikauke, badilisheni oili kabla ya kulala na si baada yake kwa kuwa oili chafu ina asidi, tieni kijiko cha oili safi kwenye tundu la plagi na mzungushe injini kwa mkono mara chache. Futeni chumvi kwa kitambaa chenye maji baridi, ikauke. Ifunikeni kwa gunia au kanga kuukuu. Turubai la plastiki linafungia unyevu ndani, na ukilifunua baada ya mwezi utakuta matone yananing'inia kwenye tangi.